Rafiki kahamia Mpanda, kawa mama: Nilichobeba na nilichokikuta

Ndani ya begi langu kulikuwa na pakiti mbili za pampasi za mtoto mchanga, fulana tatu zenye picha ya tembo na soksi ambazo hata vidole vyangu viwili vilikuwa haviingii vizuri. Mtoto niliyekuwa nampelekea zawadi hizo alikuwa na miezi mitano na uzito wa kilo saba na ushee. Hakuna hata kimoja kilichomtosha.

Mtashangaa, maana kazi yangu ni kuandika habari za afya, na ukuaji wa mtoto nimeuandika zaidi ya mara moja kwenye gazeti hili. Lakini kichwani mwangu yule mtoto alikuwa bado ni wa ile picha niliyotumiwa Mei: uso mwekundu, macho yamefumba, kanga ya mama yake imemfunika hadi kidevuni. Tangu siku ile sikuwahi kuuliza anavaa nguo za ukubwa gani. Kusema kweli, kuna mengi sikuwahi kuuliza.

Mama yake ni rafiki yangu. Chuoni Dodoma tulilala chumba kimoja cha hosteli miaka mitatu, na bumu lilipokata mwisho wa muhula tulikula sahani moja. Alipopata ajira ya ualimu wa sekondari Katavi tulimsindikiza stendi tukilia kama tunazika. Mumewe, ambaye ni shemeji yangu kwa kila maana isipokuwa ya damu, alimfuata baadaye akapata kazi kwenye kampuni binafsi. Mimba ikaingia wakiwa huko, mtoto akazaliwa wakiwa huko. Mimi nilibaki na semina zangu, safari zangu na simu.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu mko upande wa rafiki yangu, upande wa mtoto. Leo naandika kutoka upande wa pili, wa yule rafiki asiye na mtoto anayepanda basi kuja kuwatembelea, maana nimegundua kwamba hakuna aliyetufundisha kazi hiyo.

Mbali ya zamani na mbali ya sasa

Mkoa wa Katavi wenyewe bado ni mdogo kwa umri. Ulizaliwa 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Kwa miaka mingi kwenda huko kulikuwa ni mtihani, hasa masika. Wengi walitegemea treni ya usiku inayoachana na reli ya Kigoma pale Kaliua na kukata pori kuelekea kusini. Ni reli ya enzi za Mwingereza, ilijengwa kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi. Wenyeji bado wanaitumia na kuipenda, ila haiondoki kila siku, jambo ambalo nitalirudia.

Sasa kuna lami kutoka Tabora. Nililala Tabora, saa 12 asubuhi nikapanda basi, na kuanzia Sikonge ikawa ni miombo kushoto, miombo kulia, na mbung'o mmoja aliyeingia dirishani akasafiri nasi bila nauli. Inyonga tuliposimama, vijana walileta asali kwenye chupa za maji. Asali ya huko inasifiwa, na nilinunua lita moja nikiamini kwamba hatimaye nimepata zawadi ya maana.

Hapo hapo Inyonga nikapiga chafya ya kwanza.

Tulipokaribia Mpanda pua ilikuwa imeziba na koo linawasha. Nilijiambia ni vumbi, halafu nikajiambia ni kiyoyozi cha basi. Stendi nikampigia simu nikamwambia kwa sauti ya utani, "Mwenzio nimekuja na mafua." Upande wa pili pakawa kimya kidogo. Kisha akasema, "Basi tafuta gesti kwanza, mpenzi. Ukipona ndo uje."

Nilisafiri siku mbili. Nilikuwa nimeomba likizo. Nilikaa juu ya begi langu katikati ya bodaboda zinazoniita "dada twende", nikahisi nimefukuzwa.

Ningekuwa naandika habari ya mtu mwingine ningesema mama yule yuko sahihi kwa asilimia zote. Mafua ambayo kwangu ni karatasi laini na chai ya tangawizi, kwa mtoto mchanga yanaweza kuwa kushindwa kunyonya, kwa sababu mtoto hupumua kwa pua wakati ananyonya, na yakishuka kifuani yanaweza kuwa nimonia. Chanjo ya kifaduro kwa ratiba yetu ya Tanzania huanza wiki ya 6, kisha ya 10 na ya 14. Chanjo ya surua na rubela husubiri mpaka miezi 9. Maana yake ni kwamba mtoto mwenye wiki tatu hana kinga yake mwenyewe ya kifaduro hata kidogo, na wa miezi mitano bado hajachanjwa surua. Anayemzunguka ndiye ukuta wake. Na kama msafiri ana kikohozi cha wiki mbili au zaidi, asiulize hata ruhusa ya kwenda. Aanze kwanza na kipimo cha kifua kikuu.

Yote hayo nilikuwa nayajua. Kuyajua hakukunizuia kununa.

Jioni ya pili, kiti cha plastiki

Nilipata gesti karibu na stendi, chumba kina feni na chandarua chenye tundu moja ambalo nililifunga fundo. (Mkienda kulala kwa watu wenye mtoto, bebeni chandarua chenu. Nyumba nyingi za wazazi wachanga zina kimoja cha ziada au hazina kabisa, na mgeni akikaribishwa vizuri sana hupewa kile cha wenyewe.)

Jioni ya pili akaja yeye. Alikuwa amemwacha mtoto na baba yake baada ya kumnyonyesha, akasema ana dakika arobaini. Tukakaa uani, viti viwili vya plastiki mbali mbali, mimi na barakoa. Nilikuwa nimemwona mara ya mwisho siku ya sherehe ya kumuaga. Amebadilika. Nashukuru sana kwamba kitu fulani kilinifunga mdomo nisiseme amenenepa au amekonda, kwa sababu baadaye aliniambia kuwa kila aliyeingia nyumbani kwake tangu Mei alianza na hilo.

Tuliongea ya juu juu kwanza. Nani kaolewa, nani kaacha kazi. Halafu nikamuuliza, nusu kwa kulalamika, kwa nini alikuwa hajibu meseji zangu. Nilikuwa nimehesabu: tangu Juni ujumbe kumi na moja, majibu mawili.

Akasema, "We ulikuwa unanitumia picha za hoteli."

Nikacheka. Hakucheka.

"Ulikuwa unaniuliza, mtoto hajambo? Hajambo. Mtoto anakua? Anakua. Hukuniuliza mimi hata siku moja."

Kisha akanisimulia. Wiki ya kwanza alilia kila jioni jua likizama, na mama yake mzazi, aliyekuwa amekuja kumlea, akamwambia ni kawaida. Ilikuwa kawaida. Wiki ya tatu mama akaondoka, kwa sababu naye ana shamba na ana wajukuu wengine. Mwezi wa pili alikuwa halali hata mtoto akilala. Alikuwa anakaa kitandani gizani akisikiliza kama mtoto anapumua. Chakula kikawa hakipiti. Majirani walikuwa wanamjua kama mwalimu tu, mgeni wa kutoka bara la kati, asiye na ndugu mjini. Shemeji alikuwa anatoka asubuhi na kurudi usiku.

"Siku moja," alisema, "nilimlaza mtoto, nikavaa viatu, nikatembea mpaka stesheni. Nilikuwa nataka nipande treni tu. Sijui naenda wapi. Nikakuta hakuna treni siku ile. Nikakaa pale kwenye benchi mpaka maziwa yakaanza kunitoka, nikarudi."

Mtoto alikuwa amelala muda wote huo, peke yake, nyumba imefungwa kwa nje.

Mwezi huo huo wa Julai mimi nilikuwa nimeandika makala kuhusu sonona baada ya kujifungua. Niliandika takwimu za Shirika la Afya Duniani: kwamba duniani takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea inakaribia asilimia 20, yaani mama mmoja kati ya watano. Nilimtumia kiungo cha makala hiyo ili aone jina langu. Aliisoma, alisema. Aliisoma mpaka mwisho akiwa amelala sakafuni bafuni, na hakujua aniambie nini.

Dakika arobaini zilikuwa zimepita. Simu yake ikaita, tukasikia mtoto analia kwa nyuma na shemeji anasema kwa upole wa mtu aliyechoka, "Mama, huyu anakutaka." Akaondoka na bodaboda.

Nini kilimtoa

Nimeruhusiwa kuandika haya kwa sharti la kutoweka jina, na pia kwa sharti la kuandika kwamba amepona, kwa sababu anasema makala nyingi za aina hii humwacha mama shimoni ili msomaji ahuzunike.

Alichofanya kilikuwa kidogo. Usiku ule wa stesheni alimwambia mumewe alikokuwa mchana. Shemeji hakupiga kelele, hakumwita ndugu yeyote kumshitaki. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, wakaenda wote kliniki ya mama na mtoto, na pale muuguzi akamuuliza maswali ambayo hakuna mtu alikuwa amemuuliza: unalala? unakula? kuna wakati unafikiri mtoto angekuwa salama zaidi bila wewe? Akapelekwa kwa daktari. Alikuwa na mazungumzo ya ushauri kwa wiki kadhaa, na mama yake akarudi kwa mwezi mmoja mwingine. Shemeji akachukua zamu ya usiku wa manane: mama ananyonyesha, baba anacheulisha, anabadilisha nepi na kumlaza.

Kwa wanaosoma mkiwa mmejifungua karibuni: machozi ya siku za mwanzo, mara nyingi kuanzia siku ya tatu, huwapata wengi na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, au usingizi ukikukimbia hata mtoto akiwa amelala, au ukianza kuona huna faida kwa mwanao, hiyo si tabia wala si uvivu, ni ugonjwa unaotibika, na kliniki ile ile unayompeleka mtoto kupima uzito ndiyo mahali pa kuanzia. Ukifikia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, siku hiyo hiyo uende hospitali na usiende peke yako. Wizara ya Afya ina namba 199, haina malipo.

Nikirudi kwa baba. Sheria ya kazi ya 2004 inampa baba mwajiriwa likizo ya angalau siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama anapata siku 84, au 100 kama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Siku tatu! Shemeji alizimaliza hata kitovu cha mtoto hakijadondoka. Nilimuuliza kama alijua mke wake anaumwa. Alisema alijua kuna kitu, ila alidhani ndivyo uzazi ulivyo, kwani hakuwahi kukaa nyumba moja na mzazi mchanga. Nilitaka kumlaumu nikakosa pa kuanzia, kwa sababu mimi nilikuwa na makala nzima na sikujua.

Asali

Siku ya nne, pua imefunguka na sina homa, niliruhusiwa. Nilioga, nikavaa nguo zilizofuliwa, nikanawa mikono mara mbili mbele ya mwenye nyumba kama mtu anayeingia chumba cha upasuaji. Mtoto aliniangalia kwa makini, akaangua kilio. Nilipomrudisha kwa mama yake akanyamaza na kuendelea kunikagua kutoka begani kwake, usalama umerudi.

Nilitoa zawadi zangu moja moja. Pampasi zilipelekwa kwa jirani ambaye binti yake alikuwa na wiki mbili tangu ajifungue. Soksi zikabaki kwa kicheko. Kisha nikatoa asali.

Bibi jirani, Mfipa mmoja mchangamfu ambaye huingia bila hodi na huondoka bila kwaheri, alifurahi kuliko wote. Alikwishachovya kidole. "Mlambishe kidogo, mwanangu, kikohozi kisimkaribie. Sisi wote tumewalambisha."

Rafiki yangu akamdaka mtoto. "Bibi, daktari kakataza. Mpaka afikishe mwaka."

Bibi akasonya, akalamba kidole mwenyewe, mambo yakaisha. Niliipenda mbinu hiyo. Daktari hayupo pale, hawezi kugombana na mtu, na heshima ya bibi imebaki palepale. Lakini pia ni kweli tupu. Asali, hata ile safi kabisa ya porini, inaweza kuwa na mbegu za bakteria anayeitwa Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima humshinda, ila la mtoto chini ya mwaka mmoja bado halijaweza, na sumu yake hulegeza misuli mpaka ya kupumulia. Mtoto huanza kwa kufunga choo, kunyonya kwa unyonge, kulia kwa sauti ya chini. Na mbali na asali, mtoto wa miezi mitano hahitaji kitu chochote zaidi ya maziwa ya mama, hata maji, hata kwenye joto la Mpanda mwezi wa kumi. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2022 ulionyesha asilimia 64 ya watoto chini ya miezi sita nchini wananyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Nadhani wageni kama mimi, tunaoshuka kwenye mabasi na chupa na pipi na "kidogo tu haimdhuru", tuna mchango wetu katika ile 36 iliyobaki.

Kwa hiyo usipeleke asali? Peleka, ila mpe mama. Aliimwaga kwenye uji wake wa ulezi kila asubuhi niliyokaa pale. Chupa nyingine, iliyojaa, ambayo shemeji aliinunua sokoni baada ya kuionja ile ya kwanza, aliifunga na kuiweka juu ya kabati.

Kazi ya mgeni

Kuanzia hapo nilikaa siku tano, na nilichojifunza ni kwamba mtoto si kazi ya mgeni. Nilikuja na picha kichwani: mimi nimembeba, mama anapumzika. Ilikuwa kinyume. Kila nilipombeba alikuwa anasimama pembeni yangu, mikono nusu imenyooshwa, na hapumziki hata kidogo. Niliposhika ndoo ya nepi za kitambaa ndipo alipokwenda kulala.

Nilifua. Nilikwenda soko la Buzogwe nikanunua migebuka mikavu ya kutoka Ziwa Tanganyika na nyanya. Nilipika chakula cha jioni mapema ili shemeji akirudi akute kipo. Hakuna picha hata moja niliyoweka kwenye mtandao, kwa sababu niliuliza kwanza na jibu likawa hapana. Saa tatu usiku nilirudi gesti hata baada ya kupona, na hili nawasihi wenzangu tusio na watoto tulifikirie: mnapenda kulala sebuleni kwao kwa sababu ndivyo mlivyozoea enzi za hosteli, ila sebule hiyo usiku wa manane ni njia ya mama anayetembea na mtoto anayelia, na hatapita kwa uhuru ukiwa umelala pale.

Jumatano nilimsindikiza kliniki ya kupima uzito. Kwenye benchi tulikaa na mabinti. Naandika mabinti kwa sababu wawili kati yao, kwa macho yangu, walikuwa na umri wa kidato cha tatu. Mmoja alikuwa peke yake na mtoto mgongoni, mwingine na shangazi. Katavi ina historia nzito katika hili: utafiti wa 2015/16 uliiweka kuwa mkoa unaoongoza nchini, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wakiwa wameshapata mimba au mtoto. Utafiti wa 2022 ulikuta imeshuka hadi 34. Ni hatua kubwa, na bado ni mmoja katika kila watatu, wakati wastani wa taifa ni asilimia 22.

Rafiki yangu alimwangalia yule wa peke yake kwa muda mrefu. "Mimi nina digrii," alininong'oneza, "nina mume, nina mshahara, nikatembea mpaka stesheni. Huyu anatembea mpaka wapi?" Akahamia upande wake wa benchi. Sikusikia walichoongea. Niliona tu kwamba alimuuliza kitu, na binti akajibu kwa kutikisa kichwa, halafu akaanza kuongea bila kusimama.

Viboko wa Sitalike

Nilikuwa nimepanga safari moja ya kujionyesha. Kusini mwa Mpanda, mwendo wa kama saa moja, kuna kijiji cha Sitalike kwenye mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hiyo ilitangazwa 1974 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Haina watalii wengi kama Serengeti, lakini ina jambo moja ambalo wengine hawana. Kiangazi kikikaza, mto Katuma hukauka mpaka vinabaki vidimbwi, na viboko hujikusanya kwenye tope hilo kwa mamia, wamebanana kama abiria wa mwendokasi saa kumi na mbili jioni.

Tangu chuoni tulikuwa tumesema tutakwenda kuwaona. Jumamosi shemeji akasema, "Nendeni, mimi nipo." Rafiki yangu akakamua maziwa vikombe viwili, vikawekwa kwenye jokofu. (Kwenye jokofu yanakaa hadi siku nne, nje yanakaa saa nne tu, na joto likizidi nyuzi 25, kama Mpanda wakati ule, ni chini ya hapo. Shemeji alimnywesha kwa kikombe kidogo, si chupa, kwa sababu kikombe huoshwa kikatakata.) Tukapanda Hiace.

Sitalike tulikaa kwenye mgahawa karibu na mto. Viboko walikuwepo, wengi kuliko nilivyowahi kufikiri, wanakoroma na kusukumana na kupiga miayo. Niligeuka kumwonyesha mmoja mwenye kovu. Alikuwa amelala. Ameegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, soda yake haijafunguliwa, mikono imelegea mapajani.

Zamani ningemwamsha. Tumesafiri kuja kuona viboko, amka uone viboko. Nilimwomba mwenye mgahawa apunguze redio. Nikakaa saa moja na dakika ishirini nikiwahesabu viboko na kufukuza nzi wasimguse uso. Alipoamka akaniuliza kama tumechelewa. Nikamwambia bado.

"Wako wangapi?"

"Nimefika sitini na nne, wakaanza kuzama."

Njiani kurudi ndipo tulipoongea kama zamani. Alinieleza kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: kwamba baada ya kuhama na kujifungua ugenini, kila mtu anayemjua Mpanda alimjua kwanza kama mwalimu, kisha kama mama wa mtoto. Hakuna hata mmoja aliyemjua kabla. "Nilikuwa nataka mtu anikumbushe mimi nilikuwa nani," alisema. "Nikawa nakusubiri uniulize." Nami nikamwambia ukweli wangu, ambao sio mzuri: kwamba nilinyamaza kwa sababu nilimwonea wivu kidogo, na kwa sababu nilidhani sasa ana mambo ya maana na yangu ni ya kitoto. Wote wawili tulikuwa tumeshika simu miezi mitano, kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Tulikubaliana jambo moja la kawaida kabisa. Kila Jumapili saa mbili usiku mtoto akishalala, anapiga au napiga, na swali la kwanza halimhusu mtoto. Kama hawezi kuongea anatuma neno moja: "mzima" au "siyo". Mpaka naandika haya ametuma "siyo" mara mbili. Mara zote mbili nilimpigia shemeji, na mara zote mbili alikuwa tayari anajua.

Asubuhi ya kuondoka walinisindikiza stendi wote watatu, kabla jua halijatoka. Mtoto alikuwa mgongoni, kanga ya kijani, na safari hii hakulia aliponiona. Alinishika pua, hiyo hiyo iliyomsubirisha siku tatu. Shemeji alipakia begi langu, sasa jepesi, na kilo mbili za mchele wa Mpimbwe ambazo sikuziomba.

Ile chupa ya pili ya asali bado iko juu ya kabati. Amebandika plasta nyeupe na kuandika kwa kalamu ya darasani tarehe ambayo mwanae atatimiza mwaka. Bibi jirani huipitia kila asubuhi kuuliza kama siku imefika. Nimeomba likizo wiki hiyo, na nimeshauliza nguo anavaa za ukubwa gani.